Ukurasa Uliobaki Motoni

Chini ya hospitali ya Gyumri, ngazi kumi na saba ndani ya ardhi,
boila mbili zinakoroma kama maksai walioshiba,
nami, Vardges mwana wa Tatos, nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
miwani nimeifunga kwa uzi,
nakisoma tena kile kitabu.

Mara ya ngapi? Niliacha kuhesabu nilipofika kumi na nne.
Jalada limelainika kama sikio la mbwa.
Mtawa aliyefukuzwa anabeba mgongoni
kengele isiyo na ulimi,
anairudisha milimani kwa watu aliowaibia.
Najua mvua itanyesha lini. Najua punda atakufa ukurasa gani,
na kila nikikaribia hapo nasoma polepole,
kana kwamba nikichelewa, punda naye atachelewa.

Wengine husali. Mimi sala hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Hasmik alipozikwa, kitabu kilinipa sentensi moja:
"Beba hadi kwenye jiwe lile, si zaidi."
Nikabeba hadi kwenye jiwe lile.
Kisha lile lingine.

Lakini usiku huu swali langu lina jina.
Misak amelazwa ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani.
Ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja.
Aliiuza nyumba ya baba nikiwa kibaruani Krasnodar,
akauza na mti wa aprikoti, matunda yangali mabichi.
Miaka kumi na tisa hatujasalimiana, hata makaburini.
Sasa mapafu yake yamegoma.
Muuguzi Siranush alishuka kuniambia, hakuongeza neno,
akapanda, akaacha mlango wazi.

Ukurasa wa mia na kumi, mtawa anafika kwa mwanamke mfuga nyuki.
Anauliza: "Nikifika nao wakanifungia mlango, nifanye nini?"
Na hapo, pengo.
Ukurasa unaofuata unaanza: "Asubuhi theluji ilikuwa imeacha."

Ulikuwa msimu wa giza, umeme saa moja kwa siku, kuni hakuna,
mama akichoma vitabu tupate chai.
Kamusi iliwaka vizuri. Hotuba za chama zilitoa moshi mwingi.
Hiki kilinyakuliwa jikoni kwa mkono mtupu,
karatasi moja tu ikabaki humo.
Mkono haukuwa wangu.

Basi maisha yangu yote nimekuwa nikimjibia yule mwanamke.
Nilipokuwa kijana alisema: gonga mpaka bawaba zing'oke.
Nilipooa alisema: keti kizingitini, watafungua wenyewe.
Nyumba ilipouzwa alisema: geuka, rudi na kengele yako,
nami nikamshukuru kwa hekima yake.

Jumanne mjukuu wa Siranush aliniletea nakala nzima,
ya maktaba, haina hata harufu.
Nilinawa mikono. Nikatafuta mia na kumi na moja.

Mwanamke hajibu.
Anauliza kama mgeni amekula. Anakata mkate, anapaka asali,
analalamikia goti lake karibu ukurasa mzima.
Anataka kujua kengele ina uzito gani.
Kisha wote wawili wanalala.

Nilicheka hadi kikohozi kikanishika.
Miaka thelathini! Goti!
Halafu hasira ikaja, nikaifunga nakala ya watu,
nikakirudia changu chenye ukingo mweusi,
nikapitisha kidole palipoungua. Bado panachafua.

Saa tisa usiku. Nje baridi inapasua mawe.
Sijui kama nitapanda ngazi. Sisemi uongo, sijui.
Viatu vyangu vimejaa masizi, na nitaanza na neno lipi?
Umekula?

Geji imesimama kwenye nne.
Nimefungua vali ya ghorofa ya tatu, robo zaidi,
nasikiliza maji ya moto yakipanda ndani ya ukuta.